"Dada, Nilidhani Umefunga Biashara!"

Najua wengi mmezoea tukikaa hapa tunaongea mambo ya mapenzi, mawifi na mama wakwe. Leo naongea biashara. Lakini usifunue ukurasa haraka shoga yangu, maana biashara hiyo hiyo ndiyo iliyotaka kunivunjia nyumba, kwa hiyo bado tupo pale pale.

Wale wa siku nyingi mnajua kwamba mbali na kuandika, mimi nashona. Nina fremu yangu Sinza, cherehani tatu, ovaloki moja, fundi mmoja na binti mmoja anayejifunza kazi. Tunashona magauni ya vitenge, ya sendofu, ya kicheni pati na sare za familia. Kazi yangu naiheshimu, na wateja wangu wanajua sirudishi gauni lenye uzi unaoning'inia.

Sasa siku moja, ilikuwa mwezi wa Aprili, nipo saluni chini ya draya, akaingia dada mmoja niliyewahi kumshonea gauni la ubatizo wa mwanawe. Tukakumbatiana, tukaulizana habari za nyumbani. Katika maongezi akaniambia mdogo wake ametoka kufanyiwa sendofu wiki iliyopita, na ndugu wote walivaa sare, watu 14. Nikamuuliza huku nacheka kicheko cha uongo, "Na mimi mbona hamkunikumbuka?"

Akashangaa kweli. "Jamani dada, mimi nilidhani umefunga biashara! Niliingia kwenye ukurasa wako nikakuta picha ya mwisho ni ya Krismasi. Nikasema labda mambo yamekuwa magumu, nikaona aibu kukupigia."

Sikufichi, lile draya lilikuwa la moto lakini uso wangu ulikuwa wa moto zaidi. Nilipiga hesabu palepale. Ufundi wa sare moja kwangu ni shilingi 40,000. Mara 14 ni shilingi 560,000. Na wiki hiyohiyo mwenye fremu alikuwa amenipigia simu mara mbili kuulizia kodi yake. Pesa ilipita mbele ya mlango wangu, ikachungulia, ikaona kama pamefungwa, ikaenda kwa jirani.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba nilikuwa na methali ya kujitetea nayo. Kila nikiambiwa niweke picha mtandaoni nilikuwa najibu, "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza." Nikijiona nimesema la maana! Ukweli ni kwamba chema chajiuza kikiwa mahali kinapoonekana. Kikiwa kabatini, hata kiwe chema namna gani, kinaliwa na mende.

Nikageuka mwendawazimu wa simu

Basi kuanzia jioni ile nikasema sasa watanikoma. Nikakaa kitandani na simu yangu ya kiganjani, nikaanza kupakia picha zote nilizokuwa nazo. Picha 11 kwa usiku mmoja! Gauni la mwaka juzi, kitenge cha juzi, nyingine zina giza, nyingine mguu wa fundi unaonekana pembeni. Saa saba usiku bado nahesabu nani kalaiki. Kesho yake nikaweka nyingine tano. Keshokutwa picha zikaisha, na hamu nayo ikaisha. Nikakaa kimya wiki mbili. Halafu dhamira ikanisuta, nikaanza tena kwa fujo ileile.

Ikawa ndiyo maisha. Tukila, simu ipo pembeni ya sahani. Mtoto akinionyesha daftari la shule, mimi natikisa kichwa huku natafuta maneno ya kuandika chini ya picha. Usiku mume wangu akiniongelesha namjibu "mmh", "eeh", kama mtu anayesikiliza taarifa ya habari ya nchi nyingine.

Ikafika usiku mmoja akazima taa, akalala kifudifudi, akasema taratibu kabisa, "Mama watoto, na mimi nikitaka kuongea na wewe, nikuandikie kwenye huo ukurasa wako?"

Mimi badala ya kunyamaza nikajibu. Nikamwambia hajui uchungu wa biashara, yeye mshahara wake unaingia tu kila mwisho wa mwezi. Wapenzi, maneno yakishatoka hayarudi. Alininunia siku tatu. Anasalimia watoto, anakula, anaoga, analala. Na mtu mpole akinuna nyumba nzima inakuwa baridi kama mochwari.

Siku ya nne ndiye aliyeanza yeye. Baba watoto wangu ni mtunza ghala, kazi yake ni kujua kitu gani kinaingia lini na kinatoka lini. Akaniuliza, "Kwani wewe vitambaa unakwenda kununua Kariakoo kila siku?"

Nikamwambia hapana, nakwenda mara moja kila baada ya wiki mbili.

"Sindano? Nyuzi? Zipu?"

Hizo naweka akiba, nikasema.

"Sasa kwa nini picha unanunua kila siku, tena usiku, tena kwa mkopo wa usingizi wangu?"

Nilicheka mpaka machozi. Na katika kicheko hicho nikaona kosa langu lote. Nilikuwa naendesha fremu kwa mpango na ukurasa kwa hasira.

Nilivyoanza upya

Jumapili iliyofuata nikachukua daftari la kurasa 100, la kawaida kabisa la mtoto wa shule. Sikuanza na picha. Nilianza na maswali. Nilirudi kwenye meseji za wateja za wiki mbili nikaandika kila walichoniuliza. Bei gani? Uko Sinza sehemu gani? Naweza kuja na kitambaa changu? Gauni refu linakula mita ngapi? Mimi ni mnene, huo mtindo utanifaa? Kitenge hiki kinachuja? Nikileta leo nachukua lini?

Nilipohesabu nikapata maswali 17 tofauti. Kumbe nilikuwa nalia sina cha kuweka mtandaoni, na wateja wenyewe walikuwa wananiandikia kila siku! Kila swali ni picha moja au video fupi moja yenye jibu lake. Mtu anayeuliza kama kitenge kinachuja, mwonyeshe unavyokiloweka kipande kwenye beseni la maji ya chumvi kabla hujakikata. Anayeuliza mita, tandaza kitambaa mezani upime mbele yake. Huhitaji kucheza muziki wala kujipodoa. Unaonyesha unachokijua.

Kisha nikachora kalenda. Hapa ndipo wengi wetu tunapoanguka, maana tunakumbuka sikukuu siku ya sikukuu. Picha ya gauni la Idi ukiiweka siku mbili kabla ya Idi, umemuuzia nani? Fundi lazima ahesabu kurudi nyuma. Mimi gauni linachukua siku tano, weka siku mbili za kujaribisha na kurekebisha, na mteja naye anataka wiki nzima ya kutafuta kitambaa na kumshawishi mumewe. Tayari umemaliza wiki mbili. Kwa hiyo picha za Idi kwangu zinaanza kuonekana mwanzoni mwa Ramadhani. Na kumbuka Ramadhani inarudi nyuma kwa siku 10 au 11 kila mwaka, usitumie kalenda ya mwaka jana.

Tarehe 8 Machi, Siku ya Wanawake, vikundi vya akina mama vinataka sare za vitenge. Mimi nawaonyesha mitindo mwishoni mwa Januari. Januari yenyewe mwanzoni simsumbui mtu na gauni la kicheni pati, watu wana ada na sare za shule, hapo naonyesha namna ya kukarabati nguo ya zamani ikawa mpya kwa bei ndogo. Desemba ya harusi na Krismasi naianza Oktoba, na ikifika wiki ya pili ya Desemba naandika wazi kabisa kwamba sipokei oda mpya. Hilo nalo ni tangazo, tena zuri. Mtu akiona umejaa, mwakani atawahi.

Mara tatu kwa wiki, basi

Baada ya kalenda nikajiuliza swali la kweli: mimi mwenye watoto, fremu na mume, naweza kuweka picha ngapi kwa wiki bila kufa? Siyo ngapi natamani. Nikasema tatu. Jumatatu najibu swali moja la mteja. Jumatano naonyesha kazi iliyokamilika pamoja na bei. Ijumaa naonyesha ya jikoni, yaani fundi anavyokata, binti anavyojifunza kuweka zipu, hata lile gauni tulilokosea tukalifumua. Tatu kwa wiki ni 12 kwa mwezi. Hata wewe unaweza kufikisha 12.

Hizo 12 nazipiga alasiri moja tu, Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Kuanzia saa tisa na nusu hivi jua linakuwa limelegea na mlango wa fremu yangu unapata mwanga mzuri. Natundika shuka jeupe lililopigwa pasi. Nafuta kioo cha kamera kwa kitambaa laini, maana simu zetu zinashikwa na mikono yenye mafuta ndiyo maana picha zinakuwa na ukungu halafu tunasingizia simu. Kila gauni napiga mara tatu: zima kuanzia juu hadi chini, shingo au mkono kwa karibu, na mshono wa ndani. Ule mshono wa ndani ndio unaouza, dada zangu. Mteja akiona umemalizia vizuri hata mahali pasipoonekana, anakuamini.

Magauni matano mara tatu ni picha 15. Ongeza video fupi nne za kujibu maswali. Tayari una akiba ya mwezi na zinabaki. Jumapili baada ya ibada natumia saa moja kuandika maneno ya chini ya picha zote kwenye daftari. Kisha nazipanga kwenye programu ya Meta Business Suite, ambayo inakuruhusu kuziwekea tarehe na saa, zikaingia zenyewe Facebook na Instagram hata kama wewe upo sokoni unanunua dagaa. Stetasi ya WhatsApp inafutika baada ya saa 24, kwa hiyo hiyo naiweka kwa mkono asubuhi nikifungua fremu, dakika tano imekwisha. Na kama bado unatumia WhatsApp ya kawaida kwa biashara, kuna ile ya biashara iliyotoka mwaka 2018, ina sehemu ya kupanga bidhaa na bei zake na majibu ya haraka ya maswali yanayojirudia.

Halafu lile la "bei njoo inbox" mimi nimeliacha. Unamwita mtu chemba kama unamdai! Naandika "ufundi kuanzia shilingi 35,000, siku tano, kitambaa unaweza kuja nacho." Asiye na uwezo anajua mapema, mwenye uwezo anakuja akiwa ameshaamua.

Makosa yangu mawili, uyaepuke

La kwanza. Ule wakati wa uwendawazimu, niliishiwa picha nikaazima ya mbunifu wa Nigeria, gauni lina mikono kama mabawa. Sikuandika kwamba si kazi yangu. Mama mmoja akalipenda, akaleta kitenge chake na pesa. Tulishona mara mbili na mara mbili lile bawa likalala kama sikio la mbuzi. Nilimrudishia pesa na kitenge kipya juu. Tangu siku hiyo kisichotoka kwenye cherehani yangu hakiingii kwenye ukurasa wangu. Bora picha tano za kweli kuliko 50 za kuazima.

La pili linaniuma mpaka leo. Nilimshonea binti gauni lake la sendofu, lilitoka zuri mno, nikashindwa kuvumilia. Nikaliweka siku mbili kabla ya shughuli. Wifi yake akaliona, akalisambaza kwenye kundi la familia. Yule binti alikuja fremu analia, kwa sababu siku yake ya kuwashangaza watu niliimaliza mimi kwa ajili ya laiki. Nilimwomba radhi, nikamfuata hadi kwa mama yake. Walinisamehe kwa mdomo, lakini kazi hawajaniletea tena, na siwalaumu.

Siku hizi namuuliza mteja mambo mawili siku ya kupima: naweza kuweka picha, na niiweke lini? Akisema uso usionekane, hauonekani. Akikataa, nakunja picha yangu naweka kabatini. Tena tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, kwa hiyo picha ya mtu si ya kuchezea. Lakini hata bila sheria, mtu aliyekuvulia nguo umpime amekuamini.

Matokeo, bila chumvi

Usinielewe vibaya, sikuamka asubuhi nikakuta foleni. Mwezi wa kwanza wa mpango huu kuna picha zilipata laiki sita, moja ya mama yangu mdogo na moja ya kwangu mwenyewe. Nilitaka kukata tamaa. Mtandao wenyewe hauonyeshi kila picha kwa kila mfuasi wako, na Instagram iliacha kupanga picha kwa kufuata muda tu tangu 2016. Ukihesabu laiki utaugua.

Mimi nahesabu kitu kingine. Kila mteja mpya akiingia, binti yangu wa kazi anamuuliza kwa upole, "Umetujuaje dada?" Anaandika daftarini. Mwezi wa kwanza waliotoka mtandaoni walikuwa wawili. Wa pili wanne. Wa tatu wanane, katika wateja wapya 21. Wale wengine 13 waliletwa na ndugu na marafiki, kwa hiyo usidharau mdomo wa mtu. Lakini wengi wa hao 13 walisema, "Niliambiwa, nikaingia kwenye ukurasa kuhakikisha." Ukurasa umekuwa kama taa ya barazani. Haimleti mgeni, lakini ikiwaka anajua wenyewe wapo.

Na kwenye daftari hilohilo naandika namba za simu za wateja kwa kalamu. Mnakumbuka tarehe 4 Oktoba 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilipozimika kwa takriban saa sita? Na Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilipokatika, intaneti ikatusumbua Afrika Mashariki yote? Mtandao ni wa watu, siku wakifunga wamefunga. Daftari ni lako.

Yule dada wa saluni? Mwezi wa tatu alinitumia ujumbe: "Naona umefungua tena." Sikumsahihisha. Alimleta mama yake, gauni moja tu. Zile sare 14 hazikurudi na hazitarudi, lakini mama yule alirudi na shemeji yake.

Nyumbani tumewekeana kikapu juu ya friji. Ikifika saa mbili na nusu usiku simu zote mbili zinaingia humo, ya kwangu na ya kwake, maana naye alikuwa na mpira wake. Siku za kwanza mkono wangu ulikuwa unawasha. Sasa nimezoea. Tunaongea, tunagombana kidogo, tunacheka. Lile neno la mshahara niliwahi kumwomba radhi, akasema ameshasahau. Najua hajasahau, lakini anajitahidi.

Kwa hiyo wewe mwenye keki, mwenye viatu, mwenye saluni, mwenye mkaa, usiniambie huna muda. Chukua daftari leo. Andika maswali kumi ambayo wateja wamekuuliza wiki hii. Chagua siku mbili au tatu za wiki unazoziweza, siyo unazozitamani. Piga picha zako siku moja, halafu funga simu ukae na watu wako. Ukikosa wiki moja usijifie, wiki inayofuata endelea ulipoishia. Haba na haba hujaza kibaba.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, nitarudi kwenye yale mambo yetu ya mawifi, maana kuna mmoja ameniandikia barua ya kurasa saba. Kwa leo niishie hapa. Nipo mezani naandika hii, na baba watoto amepita nyuma yangu na kikombe chake cha chai, akasimama, akauliza, "Ya Jumatano umeshaiweka?"

Nikamwambia iliingia yenyewe saa nne asubuhi.

Akasema, "Vizuri. Basi njoo tukale."